Mchezo wa Korosho Niliomtengenezea Baba

Ipo siku moja ya msimu wa korosho, mwanangu, ambayo kila ikinijia mikono yangu huacha kazi yenyewe. Jana ilinijia tena, uliponiletea mchezo wako darasani. Uliutengeneza vizuri, sikufichi. Waya umezinyoosha, lehemu hukuimwaga ovyo, na kibao chako cha taa kinawaka bila kupepesa. Nikaucheza, nikashindwa upesi, maana macho yangu si ya juzi. Hapo taa zako zikachora uso uliotoa ulimi nje, spika ikatoa kicheko, na wenzako wote wakaangua kicheko nao. Ukaniuliza, "Mwalimu, mbona wewe hucheki?" Nikakujibu nina mafua.

Sikuwa na mafua. Weka bisibisi chini kidogo nikueleze. Najua vijana wa siku hizi mkisikia mtu mzima anataka kueleza jambo mnaanza kuangalia simu, lakini hili linahusu taa na waya, basi nivumilie.

Mimi kwetu ni upande wa Mtama, mkoani Lindi, ndani kidogo, mahali ambapo gari likipita watoto wanajua ni la nani kwa mlio wake. Baba yangu, Mzee Issa, alikuwa mkulima wa korosho, na huko kwetu wanaume hawali ndani ya nyumba. Chakula kikiiva, kila nyumba inapeleka sahani yake kwenye baraza moja, mkeka unatandikwa, na wanaume wa majirani wanakaa kuzunguka sahani wanakula pamoja. Aliyepika wali analeta wali, aliyepata ming'oko, vile viazi vya porini, analeta ming'oko, na asiye na kitu naye anakuja tu, ananawa, anakula, hakuna anayemuuliza. Baraza yenyewe ilikuwa yetu. Hakuna aliyegusa chakula kabla Baba hajasema bismillahi na kumega tonge la kwanza. Nami, binti wa nyumba hiyo, nilikua nikidhani dunia nzima inakula hivyo.

Mwaka niliokuwa namalizia chuo cha ufundi Dar es Salaam, Baba alianguka shambani. Kiharusi. Upande wote wa kulia ukalala, mguu, mkono na nusu ya mdomo. Mguu ulirudi baada ya muda, akawa anatembea kwa kuuburura. Maneno yalirudi machache machache. Mkono haukurudi.

Sasa ukisikia mkono wa kulia umelala, usifikirie jembe peke yake. Fikiria sahani. Mkono wa kushoto kwetu una kazi zake, na kula si mojawapo. Shehe wa msikiti wetu alikuja mwenyewe kumweleza Baba kwamba mgonjwa ana ruhusa, ale kwa mkono unaofanya kazi, Mungu hana shida naye. Baba alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni kwa mguu wake ule. Aliporudi alimwambia Mama afunge mlango wa chumba, na tangu siku hiyo akawa anakula mle ndani peke yake, kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, na hata Mama hakuruhusiwa kumtazama.

Sahani ya nyumba yetu iliendelea kwenda barazani, lakini mwenyewe hakwenda. Wazee wenzake walikuwa wanamwachia nafasi yake mkekani, ileile ya karibu na nguzo. Yeye alikuwa anawasikia kupitia dirishani, wakicheka, wakibishana habari za bei na mvua, wakiitana majina ya utani. Alikonda. Mama aliniambia waziwazi nilipopiga simu kwamba si ugonjwa unaomkondesha mumewe. "Baba yako anakufa kwa upweke, na watu wapo hapo nje," alisema. Nilifungasha siku hiyohiyo.

Pale hospitali ya Lindi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa amekwisha kusema kwamba vidole bado vina uhai, ila vikiachwa bila kazi vitaganda hivyohivyo mpaka kaburini. Alimpa Baba mpira wa matambara wa kuuminya kila siku. Baba aliutupa uvunguni mwa kitanda. Mtu aliyefungua mashamba kwa mkono ule, leo unampa tambara aliminye kama mtoto wa miezi sita. Nilimwelewa.

Hapo ndipo nilipopata wazo langu, na nilijiona nina akili sana.

Nilikuwa nimerudi na mzigo wa mabaki ya chuoni. Ndani yake mlikuwa na kibao cha taa ndogondogo nyekundu, nane kwa nane, nilichokitoa kwenye tangazo bovu la duka, lile la maandishi yanayotembea. Nilikuwa pia na maikrokontrola yangu ya mafunzo. Wewe leo unaagiza kwa simu na inaletwa imefungwa vizuri kwenye boksi, ina hata picha ya kukuonyesha pa kuchomeka. Yangu ilikuwa kidude cheusi chenye miguu pande mbili, na mguu mmoja ulikuwa umekatika nikauunga. Unakiandikia amri kwenye kompyuta, unazihamishia ndani yake, halafu unakichomoa na chenyewe kinazikumbuka. Kompyuta niliichaji saluni ya kunyolea, kwenye sola yao, katikati ya simu za kijiji kizima.

Nikatengeneza mchezo. Taa moja inawaka juu kabisa, hiyo ni korosho imekatika mtini. Inashuka, mstari hadi mstari. Chini kuna taa mbili zinazokaa pamoja, hicho ni kikapu. Kikapu unakisogeza kwa swichi ya kuzungusha, ile ya kuongezea sauti kwenye redio. Ukiidaka korosho, umepata. Ikifika chini hujaidaka, umekosa, kibao kizima kinachora alama ya kosa, ile ya mistari miwili iliyokatana, na kengele inalia. Kengele niliing'oa kwenye saa ya mezani ya Mama. Nilijaribu mwenyewe kitandani, nikadaka na kudaka, nikaona mwendo ni mzuri.

Nimeshakuambia nilizaliwa kwenye mikorosho? Ukumbuke hilo, maana utashangaa baadaye.

Nilimpelekea asubuhi, akiwa amekaa kwenye kiti chake ukumbini, mlango wa mbele uko wazi kwa sababu ya joto. Nikamweleza. Alinitazama, akakitazama kibao, na nikaona amependezwa na ile taa ya juu. Mama akauchukua mkono wake wa kulia akauweka kwenye swichi. Nikawasha.

Korosho ya kwanza ikashuka. Mkono wa Baba haukusogea hata kidogo. Alama ya kosa, na kengele. Ya pili ikashuka, nikaona kidole gumba kinatikisika, korosho ikafika chini kabla hakijafanya lolote. Kengele. Ya tatu Baba aliuma mdomo, jasho likamtoka, akasogeza bega zima kwa sababu vidole havikukubali, swichi ikazunguka upande usio wenyewe. Kengele. Nikamwambia, "Jaribu tena, Baba, utaizoea." Nilisema kwa ile sauti ya uchangamfu wanayotumia manesi, mpaka leo nikiikumbuka naona aibu. Kengele ikalia tena na tena, na mlango ulikuwa wazi.

Barabara ya kwetu inapita mbele ya ukumbi. Watoto waliokuwa wanapita kwenda kisimani wakasimama kusikiliza. Hawakujua ni nini. Mmoja akaanza kuigiza ule mlio, na wenzake wakauimba wakiondoka, wakicheka. Hawakumcheka Baba, walifurahia mlio tu, lakini Baba atajuaje? Aliuondoa mkono wa kulia kwenye swichi kwa kuushika na wa kushoto, akauweka mapajani, akageuka kutazama ukuta. Jioni alipopelekewa chakula chumbani alikirudisha. Kesho yake pia. Mama alipotaka kumchua mkono kwa mafuta, kazi aliyokuwa anaikubali siku zote, alikataa, akauficha mkono ndani ya shuka.

Nilikuwa nimekuja kumtoa chumbani, nikamfungia.

Shangazi Zainabu, dada mkubwa wa Baba, alikuja aliposikia hali ya mdogo wake imezidi. Huyu alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, na ukimwona amevua viatu mlangoni kwa utaratibu jua amekuja kwa jambo. Nilimwamkia, "Shikamoo, Shangazi." Akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikaa na Baba kwanza, mlango umefungwa. Alipotoka aliniita uani, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Lete hicho kidude," alisema.

Nikakileta. Akaniambia nikiwashe, nikawasha. Alikitazama mpaka korosho zikashuka kadhaa na kengele ikalia mara zote, maana hakuna aliyeshika swichi. Kisha akaniambia nizime.

"Hii inafanya nini?"

"Inamfanyisha mazoezi, Shangazi. Hospitali wamesema vidole vifanye kazi."

"Sikukuuliza hospitali wamesema nini. Mimi nimeona mashine inayomhesabia mtu makosa. Kaka yako... " Hapo alikosea, mimi sina kaka, alikuwa anamaanisha ndugu yake, alikuwa amekasirika. "Baba yako makosa yake anayahesabu mwenyewe tangu asubuhi mpaka analala. Kijiko kikimponyoka anahesabu. Mate yakimtoka anahesabu. Alikuwa hana haja ya kengele."

Nikataka kumweleza kwamba michezo yote ndivyo ilivyo, kwamba bila kushindwa hakuna mchezo. Nilianza hivyohivyo, kwa kiherehere. Akanyoosha mkono kunizuia.

"Uliijaribu kwa mkono gani?"

"Wangu."

"Enhe. Basi umejitengenezea mwenyewe, halafu ukampa mgonjwa. Tangu umefika una siku ngapi hapa? Umekaa naye lini? Namaanisha kukaa, si kumpimapima. Umeshamsikiliza hata neno moja? Maana anasema, Somoe. Anachelewa, lakini anasema. Nyie hamna subira, mnamalizia maneno yake mkaondoka."

Somoe ndilo jina langu, wanafunzi wengi hamlijui. Shangazi akavaa viatu, akaondoka, hata maji hakunywa. Nilibaki uani nikilia, na sikulia kwa sababu nimeonewa. Nililia kwa sababu hakuna neno hata moja aliloliongeza chumvi.

Kibao nikakifunga kwenye kitambaa nikakiweka juu ya kabati. Siku zilizofuata nilifanya alichoniambia, na nakuhakikishia ilikuwa kazi ngumu kuliko kuandika amri za mashine. Nilikaa. Nilichukua mkeka mdogo nikaketi kwenye sakafu ya chumba cha Baba bila kubeba kitu chochote. Siku ya kwanza hakusema. Baadaye akawa ananitazama. Mimi nilikuwa namenya ming'oko, namwachia nafasi ya kusema, na anapoanza neno nauma ulimi wangu nisilimalizie. Ukitaka kujua kukaa kimya ni nini, jaribu kumsubiri mtu wa kiharusi afike mwisho wa neno unalolijua tayari.

Asubuhi moja alinyoosha mkono wa kushoto akaonyesha juu ya kabati.

Nikakishusha kibao. Nilikwisha kukata waya wa kengele. Nikakiwasha nikakishika mbele yake, swichi nikaiacha. Korosho ikashuka, ikafika chini, alama ya kosa ikatokea. Baba akatikisa kichwa. Ya pili, vilevile. Akaweka kidole cha mkono wa kushoto chini kabisa ya kibao, pale korosho ilipopotelea.

"Haija..." alisema. Nikangoja. "Haijapotea."

Nikangoja tena.

"Iko chini," akasema.

Mwanangu, nilihisi damu imenipanda usoni. Mimi, mtoto niliyelelewa kwa korosho, niliyesomeshwa kwa korosho. Nani kwetu anadaka korosho? Korosho huitungui, huitikisi, huikingii kikapu. Unasafisha chini ya mti, halafu unaiacha iive mpaka ikatike yenyewe, na ikishaanguka ndipo inakuwa yako. Unakwenda taratibu, unainama, unaokota, unalinyonga bibo, lile tunda lake, unalitenga. Hakuna mtoto wa kwetu asiyejua hilo. Lakini nilipokuwa chuoni nilicheza michezo ya watu wengine, na katika michezo yote hiyo kinachofika chini kimepotea. Nikaibeba sheria hiyo mpaka nyumbani, nikamwekea mzee wa korosho, nikampigia kengele kila korosho ilipofanya inavyotakiwa kufanya.

Nilicheka, kisha nikaona naye anacheka, kwa ule upande mmoja wa mdomo. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu nirudi.

Tukaanza upya, safari hii wawili. Nilimuuliza mchezo uwe vipi, nikangoja majibu. Aliyetoa masharti alikuwa yeye, na alikuwa msumbufu, Mungu amrehemu. Nilipomletea korosho zinazoanguka na kubaki chini, alitazama akauliza, "Umesafisha?" Sikuelewa. Akarudia, "Chini. Umesafisha?" Akakataa kuokota kwenye shamba lenye majani. Basi nikaandika upya, mchezo ukawa unaanza na taa za majani zimetapakaa mstari wa chini, unayang'oa moja moja, shamba likiwa safi ndipo korosho zinaanza kukatika. Hakuna kengele. Hakuna alama ya kosa. Hakuna hesabu. Korosho ikishaanguka inakaa palepale inawaka, inakungoja, hata ukimaliza nusu saa. Nilimuuliza kama tuweke mvua inayokuja kuziharibu, ili mchezo uwe na haraka kidogo. Alifikiri sana. "Mwakani," akasema.

Kubwa zaidi lilikuwa hili. Kuokota hakufanywi kwa swichi ya kuzungusha. Kuokota ni vidole, gumba na viwili vya mbele. Nilichukua kibanio cha nguo, nikakifunga vipande vya bati mahali vidole vinaposhika, na waya kwenye kila kipande, ili mtu akikibana, bati liguse bati na maikrokontrola ijue ameokota. Kusogea kutoka korosho moja hadi nyingine nilikuachia mashine yenyewe, iende polepole. Kazi ya Baba ikabaki kubana tu. Nilichagua kibanio cha plastiki kilicholegea, ambacho Mama alikuwa hakitaki kwa sababu upepo ulikuwa unakishinda.

Siku ya kwanza aling'oa jani moja. Moja tu, kisha akalala mchana kutwa kwa uchovu. Sikumwambia ajaribu tena. Siku nyingine hakuokota chochote, tukakaa tunazitazama zinawaka, na aliniambia habari za mti fulani wa shamba la chini, ambao kila mwaka unawahi kuliko wenzake. Yapo majuma ambayo sikuona mabadiliko yoyote, nikakata tamaa, sikumwonyesha. Halafu kidole cha shahada kikaanza kukunjwa chenyewe. Baadaye cha kati. Kibanio cha plastiki kikawa chepesi kwake, akakidai cha mti. Cha mti kikamchukua msimu mzima wa mvua.

Hakuna aliyemwambia kwamba anachokifanya kwa kibanio ndicho kinachofanywa kwenye sahani. Mimi niliogopa kukisema. Mama alikuwa ameshaona, alikuwa anapita na ndoo anatazama ule mkono, anapita tena.

Basi ikafika ile siku niliyokutajia mwanzo. Msimu wa korosho ulikuwa umerudi. Mchana wa Ijumaa, wanaume wametoka msikitini, mkeka umetandikwa barazani, sahani zimefika. Mimi nilikuwa ukumbini napanga vyombo. Nikasikia mguu unaburuzwa. Baba alitoka chumbani amevaa kanzu, akanipita, akatoka nje. Mazungumzo ya barazani yakakatika. Akaenda mpaka kwenye nguzo, akaegemea, akajishusha kidogo kidogo mpaka akakaa. Hakuna aliyemshika, na nawashukuru wazee wale mpaka leo. Shangazi Zainabu alikuwa uani, akaja akasimama nyuma yangu mlangoni.

Akanawishwa. Akasema bismillahi, ikachukua muda wake. Akapeleka mkono wa kulia kwenye wali, vidole vikafunguka, vikafumba. Akamega. Mkono ukapanda ukitetemeka, na nusu ya njia tonge likamwagika, likaanguka lote mkekani.

Mmoja wa wazee akatazama pembeni. Mimi nilitaka kukimbia nikamfunike. Nilikuwa nimeshainua mguu, na Shangazi akanishika nguo kwa nyuma.

Baba alitazama wali ule mkekani. Hakutazama ukuta, hakuuficha mkono. Alisema, kwa sauti ya kusikika na wote, polepole:

"Haijapotea. Iko chini."

Akainama, akabana kwa gumba na vidole viwili, akaokota, akala. Kisha akawatazama wenzake. "Kuleni," akasema. Mikono yote ikaingia kwenye sahani.

Wazee hawakujua maneno yale yalitoka wapi. Walidhani ni maneno tu ya mtu mgonjwa. Tuliojua tulikuwa sisi wawili pale mlangoni, maana nilikuwa nimemsimulia Shangazi, naye alikuwa ameniegemea, na ukoo mzima haujawahi kumwona Shangazi amemwegemea mtu.

Mkono wa Baba haukupona kamili. Aliendelea kumwaga mpaka mwisho wa maisha yake, na kuokota. Lakini hakula tena chumbani hata siku moja, na alipofariki, miaka mingi baadaye, walioosha mwili wake walikuwa walewale aliokula nao juzi yake. Ile mvua hatukuiweka kwenye mchezo. Kila mwaka nilimuuliza, na kila mwaka aliniambia mwakani.

Sasa nikuambie ninachotaka ukichukue, kisha urudi kwenye waya zako. Sikuambii uache michezo ya kushinda na kushindwa. Vijana wenzako watashindana, watachekana, ni sawa. Ninachokuambia ni kwamba kabla hujaandika amri ya kwanza, kaa na yule utakayempa. Kaa kweli, mikono mitupu, umsikilize mpaka afike mwisho wa neno lake. Jaribu ulichokitengeneza kwa mkono wake, usijaribu kwa wako peke yako. Na mashine ukiifundisha nini ni kosa, jiulize sheria hiyo umeitoa wapi, kwa watu gani, na kama kweli ni kosa pale unapoipeleka. Kidude kile hakijui. Kitatii chochote utakachokiandikia, na kitalia kengele kwa mtu yeyote, mlango ukiwa wazi. Anayepaswa kujua ni wewe.

Ule uso wenye ulimi nje, ukitaka uuache, uache. Ni mchezo wako. Mimi nimekueleza tu kwa nini sikucheka.

Mungu akubariki mwanangu, aibariki mikono yako hiyo miepesi na akuzidishie ujuzi. Akujaalie subira ya kungoja neno la mwenzako. Na siku itakapofika, maana kwa wengi wetu hufika, mkono wako utakapotetemeka mbele ya watu na ulichokishika kikaanguka, akukutanishe na watu watakaokuachia nafasi yako mkekani, wakukalie kimya mpaka ukiokote.